Bodi ya Ajira na Haki ya Wachache Nyeri

Katika Nyeri, ambako Wakikuyu ndio wengi tangu zamani, si ajabu mtu akadhani kwamba kazi za serikali ya kaunti ni za wana wa nyumba peke yao. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yanena vingine, kwani yaiamuru Bodi ya Utumishi wa Umma, ambayo wajumbe wake huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, izingatie kwamba walau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi za ngazi ya kuanzia wapewe wasiotoka katika kabila kubwa la mahali.

Na watu hao si wageni wa jana. Mitaa ya Majengo, Nyeri na Nanyuki, ina Waislamu wa asili mbalimbali waliozaliwa papo hapo. Na sokoni Nanyuki, upande wa Laikipia, Kimeru, Kisomali na Kiturkana husikika pamoja na Kikuyu.

Fomu ya kuomba kazi humwuliza mtu kabila lake, jinsia yake, na kama ana ulemavu. Wako wanaolichukia swali la kabila, na hofu yao naifahamu. Hata hivyo, pasipo hesabu, bodi haiwezi kutoa taarifa ya kweli, wala raia hana hoja ya kudai.

Upungufu mkubwa wa sheria hii, kwa rai yangu, ni kwamba yahusu nafasi zilizo wazi tu: kaunti isipoajiri, orodha ya watumishi hubaki ilivyokuwa, na kijana wa Majengo huendelea kungoja.