Bamba la Jelatini na Vitu vya Ufukweni

Uchapaji kwa bamba la jelatini, ambao ni tawi la ule uchapaji wa nakala moja uliojulikana tangu siku za Giovanni Benedetto Castiglione wa Genoa katika miaka ya 1640, hudhaniwa na wengi kuwa hauwezekani pasipo vifaa vya thamani kutoka ng'ambo. Nami nashikilia kwamba mkazi wa Nyamianda, hapa Uvira, mwenye ziwa upande mmoja na soko upande wa pili, amekwisha kujaaliwa karibu yote anayoyahitaji.

Bamba lenyewe hupatikana kwa vijiko vikubwa 12 vya unga wa jelatini, kikombe kimoja na nusu cha gliserini, ile ile wanayojipaka watu mwilini, na maji ya moto kiasi hicho hicho. Mchanganyiko huyeyushwa taratibu pasipo kutokota, ukamiminwa katika sinia tambarare na kuachwa kivulini hata ugande. Likichanika, huyeyushwa upya, na hiyo ni fadhila kubwa kwa mtu asiye na fedha nyingi.

Rangi ya akriliki hutandazwa juu yake kwa rola, utando mwembamba mno, kisha kitu hugandamizwa: pale kinapogusa huondoka na rangi, na pasipoguswa rangi husalia ikingoja karatasi. Kwa sababu hiyo, kitu chenye migongo mifupi iliyo sawa hushinda chenye mabonde marefu. Katoni iliyobanduliwa ngozi yake ya juu, gunia kuukuu, na kipande cha wavu ambacho mafundo yake hukandamiza kuliko nyuzi, vyote hutoa alama bora. Ila wavu uoshwe kwanza kwa sabuni, maana mafuta ya ndagala huikataa rangi ya maji. Makombe ya konokono yaliyovunjika, pamoja na uzuri wake, nayaepuka, kwani hukata bamba.

Wala mtindo huu wa kufanya sanaa kwa zana chache si mgeni kwa wasanii wa nchi yetu. Katika karakana aliyoiasisi Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake, na hadhi ya kazi yake haikupungua kwa uchache wa zana.

Anayeanza na achukue jani la sombe, alilaze juu ya rangi mishipa ikitazama chini, alifunike kwa karatasi na kuisugua kwa kiganja: atapata umbo jeupe la jani, vidole vyake vimetanuka. Wengi hukomea hapo, na hilo ni hasara. Akiisha kuiondoa karatasi, aling'oe jani polepole kwa kikonyo chake, kisha upesi, kabla rangi haijakauka, aweke karatasi ya pili. Hapo ndipo mishipa yote hujitokeza, hata ile iliyo myembamba kama unywele.