Dizaina Si Msee wa Kupamba Slaidi

Skiza, mbogi ya dizaini. Kila semesta story ni ile ile. Wasee wa komasi wameunda timu ya kuingia shindano la mpango wa biashara, wamebonga wiki mzima, wameandika kila kitu, halafu usiku wa kuamkia pichi ndio wanakukumbuka. "Buda, hizi slaidi zimekaa vibaya, tupigie rangi poa na logo moja safi." Unakesha. Asubuhi wanapanda jukwaani, na jina lako haliko hata kwa slaidi ya mwisho. Wakibeba, doh inagawanywa wao kwa wao, wewe unabuyiwa lunch.

Hio maneno lazima iishe. Ukicheki vitu zimewahi kushinda haya mashindano makubwa ya vyuo za majuu, unapata kazi ya dizaina iko ndani toka siku ya kwanza. Na venye inauma, shida iliyowapatia washindi hio doh mara kadhaa imetoka hapa kwetu mtaani.

Mwaka wa 2011 shindano la MIT la dola 100,000 lilibebwa na Sanergy. Walioianzisha walikuwa wanasomea biashara, lakini cheki walichowekea majaji mezani: choo. Choo ya kujengwa Mukuru, mahali nyumba zimebanana na sewer haijafika. Ilibidi waumize kichwa vile itatoshea katikati ya makeja, vile mtu wa mtaa ataimiliki na kulipisha wenye wanaitumia, vile uchafu utatolewa na mikokoteni kwa vichochoro gari haiwezi penya, na vile hio taka itageuka mbolea ya kuuzwa. Toa dizaini hapo, uone kama kuna biashara inabaki. Hizo choo za Fresh Life ziko Mukuru hadi leo.

Kam 2016. Hult Prize, ile ya dola milioni 1, swali la mwaka huo lilikuwa miji iliyosongamana watu. Ikaendea wanafunzi wa Earlham, kachuo kadogo huko Indiana, na idea yao ilikuwa Magic Bus: abiria wa Nairobi abuku mathree na meseji ya kawaida, hata kama ako na kabambe. Wewe umesimama steji ukingoja gari ijae tangu ukiwa primo. Unajua konda anaitisha aje, unajua mvua ikinyesha fare inaruka aje. Timu ilikuwa na Mkenya ndani, na nina uhakika kuijua steji ndio ilikuwa silaha yao. Hio elimu unayo bure. Hujawahi tu kuiandika kwa karatasi.

Lakini story yenye napendanga kuwaambia wasee wa dizaini ni ya d.light, kampuni ya taa za sola. Sam Goldman aliishi Benin, na huko kijana wa jirani yake akachomeka vibaya juu ya taa ya mafuta. Alipoingia Stanford akajipata kwa darasa moja lenye wanafunzi wa biashara wanawekwa timu moja na wa uinjinia na dizaini, wanaambiwa waunde kitu mtu wa mfuko mdogo anaweza kununua. Humo ndani bei ni sehemu ya mchoro. Hukubaliwi kuchora taa ya kupendeza halafu umwachie mtu mwingine kazi ya kujua nani atailipia. Mwaka wa 2007 Goldman na timu yake wakaingia shindano la kampuni ya mtaji ya DFJ wakatoka na dola 250,000. Na 2012, M-Kopa walipoanza kuuza sola hapa Kenya, mitambo ilikuwa ya d.light: unaweka deposit, halafu unatuma kitu kidogo kila siku na M-Pesa hadi iwe yako. Nyumba ngapi za ocha zilitupa koroboi juu ya hio mpango! Taa ni ile ile, lakini ile njia ya kulipa ndio iliifikisha kwa meza ya shosho.

Sasa, hapa ndio tunaangukianga. Dizaina anaingia na prototaipu kali, kila mtu kwa ukumbi anapiga makofi, halafu jaji anauliza swali moja: inakugharimu ngapi kuunda, na nani atalipa? Kimya. Si ati hesabu ni ngumu. Hatujawahi kuichukulia kama yetu.

Ichukulie hivi. Sema umechora meza ya kukunja ya mama mboga, kanjo wakitokea anaikunja anateleza nayo. Chuma, turubai, magurudumu na kazi ya fundi, tuseme imekula thao nne. Mama mboga hana thao nne ya kutoa mara moja, hio usijidanganye. Akikulipa soo kila siku, ni siku 40 ndio urudishe pesa ya vitu pekee, na bado hujakula kitu. Tayari umeona unahitaji mtaji wa kungoja hizo siku, na njia ya kufuatilia malipo. Halafu unarudi kwa mchoro: ukitoa gurudumu moja, ukibadilisha chuma, inashuka hadi thao tatu na siku zinakuwa 30. Hapo umedizaini, na umeandika ukurasa mgumu zaidi wa mpango wa biashara, kwa penseli hio hio.

Na wa kukusaidia kushusha hio bei ni mafundi wa Kamukunji, wanagonga mabati toka asubuhi. Jiko la udongo na bati, lile la kiuno chembamba lenye liko kwa makeja mingi, lilisambaa kuanzia miaka ya 1980 juu mafundi wa jua kali wangeweza kuliunda wenyewe na kuliuza kwa bei ya mtaa. Enda uketi nao na mchoro wako kabla hujaipeleka kwa jaji yeyote. Watakuonyesha kona gani inakula bati bure, na hio ni doh yako wanakuokolea.

Na kuna kitu ya sheria wengi wetu hatuambiwi darasani. Umbo la kitu chenye umeunda linaweza kusajiliwa na KIPI, ofisi ya serikali ya kulinda uvumbuzi, kama dizaini ya viwandani. Peleka mapema, kabla hujaianika mbele ya ukumbi umejaa watu wenye simu zinarekodi.

Kwa hivyo simu ya komasi ikiingia tena usiku, jibu na heshima, lakini uliza kwanza: shida hii nani ameenda kuiona na macho? Kastoma amebonga nini? Asilimia yangu ni ngapi? Kama wako serious, wataandika majina ya wote na mgao wa kila mmoja, mtasaini, na kesho asubuhi mtaenda wote sokoni kuongea na mama mboga. Slaidi mtazipanga mkirudi.