Kifua Kinabana Uwanjani? Usikubali Kuitwa Mvivu!

Hebu vuta picha, rafiki. Mko kwenye mazoezi ya UMISSETA hapa Bariadi. Kiangazi, vumbi tupu. Umemaliza mita 1,500, mara kifua kinabana, unakohoa, na ukitoa pumzi kinalia kama filimbi. Mwalimu anasema, "Mvivu huyo!" Nyumbani wanasema eti umerogwa. Nani mkweli? Pengine hakuna.

Kuhema ukikimbia ni kawaida. Lakini kama wenzako wanapoa na wewe ndiyo unazidi kubanwa, huenda ni pumu inayoletwa na mazoezi. Ukikimbia sana unavuta hewa nyingi kwa mdomo. Hewa hiyo inakausha njia za hewa, na misuli yake inakaza. Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama, kisha hutulia ndani ya saa moja hivi.

Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima wanafunzi kabla na baada ya kukimbia. Karibu 23 katika kila 100 wa Nairobi, na 13 wa vijijini Murang'a, nguvu yao ya kutoa hewa ilishuka kwa asilimia 10 au zaidi.

Je, kila anayebanwa ana pumu? Hapana! Upungufu wa damu, selimundu, ugonjwa wa moyo na TB pia hukata pumzi. Sauti ikitokea kooni unapovuta hewa, na kuisha upesi ukipumzika, huenda koo ndilo linalojifunga. Dawa ya pumu haitasaidia hapo.

Kwa hiyo ufanyeje?

- Andika: inaanza lini, inakaa dakika ngapi, inalia ukivuta au ukitoa pumzi?
- Nenda kituo cha afya na mzazi. Kifua na moyo visikilizwe, damu ipimwe.
- Uliza kuhusu kipimo cha kupuliza, kabla na baada ya kukimbia. Hakipo? Omba rufaa.
- Usiazime dawa ya kuvuta ya rafiki yako.

Ukizimia, ukiumwa kifua, midomo ikibadilika rangi au ukishindwa kuongea, wahi hospitali mara moja!

Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu hiyo. Mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, saa 2:15:25. Alijua ugonjwa wake, akautibu. Na wewe je? Kapime kwanza, halafu rudi uwanjani.