Siafu wa Kakamega Wamechanganya Damu

Usiku, taa za Tongaren, magharibi mwa Kenya, huvuta mdudu mnene wa kahawia, tumbo refu kama soseji, anayejigonga ukutani mpaka anaanguka. Wengi hawajui kuwa huyo ni siafu dume. Hana baba: ametoka kwenye yai lisilorutubishwa, akarithi kromosomu za mama tu, nusu ya zile za malkia na vibarua.

Huruka kutafuta malkia wa koloni jingine. Malkia mwenyewe hana mbawa. Koloni likigawanyika huondoka kwa miguu, vibarua wakimsindikiza. Kwa hiyo jeni za siafu hufika mbali kwa mbawa za madume, ilhali ukoo wa kike huhama polepole mno.

Katika Msitu wa Kakamega, kusini mwa Tongaren, hukutana siafu wa aina mbili: Dorylus wilverthi, wa misitu ya Kongo, na Dorylus molestus, wa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 mtafiti Daniel Kronauer na wenzake walieleza kuwa DNA ileile ya upande wa mama imo katika aina zote mbili, na kwamba idadi isiyo ndogo ya vibarua ni machotara. Ajabu ni kwamba dume hapenyi hivi hivi. Vibarua humpokea kiotani, humng'oa mbawa, na ndio wenye uwezo wa kumzuia asimfikie malkia kijana. Mgeni wangeweza kumkataa, lakini humpitisha.

Kibarua hazai malkia, basi ungedhani mchanganyiko unakomea kwake. Lakini DNA ya mama hupita kwa malkia pekee. Ikiwa imevuka kutoka aina moja hadi nyingine, malkia chotara aliwahi kuzaa.

Kwa sisimizi wengine jambo hilo lingeweza kuwa gumu, maana kromosomu hukatika na kuungana, na zisipolingana chotara anaweza kushindwa kuzaa. Australia yuko Myrmecia croslandi, ambaye mwaka 1986 ilielezwa kuwa kibarua wake ana kromosomu 2 tu na dume 1. Dinoponera lucida wa Brazili hufikia 120.

Tukirudi Kakamega, mtafiti Marcell Peters na wenzake walionyesha kuwa katika vipande vidogo vya msitu wa Kakamega wilverthi hupungua sana, molestus akashika nafasi yake. Nje ya msitu, Tongaren ni mahindi matupu, na msafara wa siafu hufukuzwa kwa majivu na mafuta ya taa, ingawa hula mende na viwavi. Natamani vyuo vya Kibabii na Masinde Muliro viwapime siafu hawa wa mashambani. Vichupa vya spiriti na vibarua wachache wa kila msafara vinatosha kuanzia kazi.