Taa ya freni inakataa kuzimika



Juma lililopita tulitia plaketi mpya za freni kwa motokari ya masomo. Lakini taa nyekundu kwenye tablo ikabaki kuwaka. Mmoja wetu akasema: "Tutoe ampuli tu, safari iendelee." Hapana! Siku plaketi zitakapoisha kweli, nani atatuonya?

Tuelewe kwanza. Taa ile haioni plaketi. Inatumwa na waya mdogo uliofichwa ndani ya plaketi. Plaketi ikibaki nyembamba, milimetre 3 hivi, disiki inafikia waya. Kwa motokari zingine, kule kugusa njo kunawasha taa. Kwa zingine, taa inawaka sababu waya umekatika.

Basi tulifanya hivi:

1. Tulitazama mafuta ya freni na freni ya mkono, sababu pengine zinawasha taa ileile. Vilikuwa vizuri.

2. Tulichomoa waya wa plaketi. Yetu ni ya kugusa. Ingefaa taa izimike. Haikuzimika. Basi kosa si la plaketi.

3. Tulifuata waya mpaka juu. Tukaukuta umechubuka, unagusa chuma. Tukaufunga vizuri, taa ikazimika.

Kwa motokari ya waya wa kukatika, mara nyingi kosa ni kurudisha waya wa zamani. Ule uliokwisha kukatika hautumiki tena; inafaa mpya.

Na kabla ya kuondoka, tukanyage pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Taa ikisema, tutafute sababu, tusiizibe kinywa.