Kabla ya kuyarembesha meno yako, mjue kwanza anayekushughulikia

KATIKA Makutano, mjini Meru, si ajabu kumwona mtu akifunika mdomo kwa kiganja anapocheka. Kuna wale ambao meno yao yamebadilika rangi kwa kutafuna miraa, kuvuta sigara na kunywa chai na kahawa kwa miaka mingi. Wengine walilelewa mahali penye maji ya visima yenye floraidi nyingi, hasa katika Bonde la Ufa, wakabaki na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.

Aibu hiyo huwafanya baadhi yao kumkimbilia yeyote anayewaahidi meno meupe kwa bei nafuu. Hata hivyo, jino likishachongwa halirudi lilivyokuwa. Enameli, yaani gamba gumu linalofunika jino, haimei tena. Makosa ya siku moja yanaweza kumwandama mtu maisha yake yote.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni leseni. Chini ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya, madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), lililojulikana kama Bodi hadi mwaka wa 2019. Leseni hiyo hutolewa upya kila mwaka, na mgonjwa anaweza kulitafuta jina la daktari katika sajili ya baraza kwenye intaneti. Kliniki yenyewe pia hutakiwa kuwa na leseni yake.

Pili, ni vyema kufahamu tofauti ya wahudumu. Daktari wa meno husomea shahada kwa miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi. Afisa wa afya ya meno huwa na mafunzo ya stashahada, naye fundi wa meno hutengeneza meno ya bandia katika maabara. Kila mmoja ana kazi yake. Isitoshe, jina "daktari wa urembo wa meno" pekee si ithibati ya ubingwa. Hata Marekani, Chama cha Madaktari wa Meno hakiutambui urembo kuwa fani ya ubingwa inayojitegemea. Kwa hivyo mgonjwa aulize: umesomea wapi kazi hii, na umeifanya mara ngapi? Aombe kuona picha za wagonjwa waliotangulia, kabla na baada ya tiba.

Tatu, daktari mzuri huanza na uchunguzi. Hutazama ufizi, hutafuta matundu na hupiga eksirei panapohitajika. Meno yaliyooza hutibiwa kwanza, kwa maana dawa ya kung'arisha ikipenya kwenye tundu huleta maumivu makali. Ataeleza pia kwamba dawa hiyo haibadilishi rangi ya meno ya bandia wala ya meno yaliyozibwa, na kwamba madoa mazito ya floraidi huenda yakahitaji tiba nyingine.

Dawa zenyewe si za kuchezea. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka wa 2012, dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi haiuzwi moja kwa moja kwa wateja. Hupitia kwa daktari wa meno, na kiwango chake hakiruhusiwi kuzidi asilimia 6.

Nne, usafi. Glavu zibadilishwe kwa kila mgonjwa, sindano iwe mpya na vyuma vichemshwe katika mtambo wa mvuke. Vyuma vichafu vinaweza kueneza homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi.

Mwisho, gharama yote iandikwe kabla ya kazi kuanza, pamoja na idadi ya ziara na hatua zitakazochukuliwa tiba isipofaulu. Anayemharakisha mgonjwa alipe siku hiyo hiyo aogopwe.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Lililo bora ni kulitunza jino la asili, na likihitaji kurembeshwa, likabidhiwe mikono inayoaminika.