Mwislamu na Sikukuu ya Jirani Yake

Hukumu ya Mwislamu kushiriki sikukuu za wasio Waislamu haitolewi kwa neno moja. Wanazuoni hutenganisha ibada, pongezi, chakula, na haki za udugu na ujirani. Mkoani Rukwa jambo hili liko mlangoni kila mwaka. Ukatoliki umeota mizizi Ufipa tangu Wamisionari wa Afrika walipoingia Karema mwaka 1885, na kuanzia mjini Sumbawanga hadi Kaoze, bondeni mwa Ziwa Rukwa, Mwislamu huwa na jirani, mkwe au hata mzazi Mkristo.

Katika ibada hakuna khilafu, yaani tofauti ya rai. Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa zilizo bora zaidi: Idi ya Fitri na Idi ya Adh-ha. Kwa hiyo kusali misa ya Krismasi au kupokea komunyo hakumfai Mwislamu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikataza pia kuiga desturi zinazoitambulisha sikukuu yenyewe.

Khilafu iko kwenye pongezi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliziharamisha kwa kuona kwamba ni kuiridhia itikadi, na Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia akashika msimamo huohuo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi na Dar al-Ifta ya Misri wameziruhusu, wakitegemea aya ya 8 ya Suratul Mumtahana inayoruhusu wema na uadilifu kwa wasiowapiga vita Waislamu. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba itikadi yenyewe hairidhiwi.

Kuhusu chakula, aya ya 5 ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha Ahlul Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo. Tanzania kuna desturi ya siku nyingi: familia ya Kikristo inayotaka kuwakaribisha majirani wote humwita Mwislamu achinje mbuzi au kuku, ili pasiwe na mgeni wa kusita mbele ya sahani. Nguruwe na pombe ya ulezi hubaki haramu sikukuu au si sikukuu, na hadithi imekataza kukaa kwenye meza inayonyweshewa pombe. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alipoulizwa juu ya zawadi za sikukuu ya Wamajusi, yaani waabudu moto, alikataza nyama waliyochinja kwa ajili ya siku hiyo na kuruhusu matunda.

Haki ya damu haifutwi na tofauti ya dini. Asma binti Abubakar alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, Mtume alimwamuru aunge naye undugu. Aya ya 15 ya Suratu Luqman nayo inamtaka mtoto akae na wazazi wake kwa wema, hata wakimshurutisha ushirikina, ila asiwatii katika hilo. Basi aliyesilimu haachi kumjulia hali mama yake tarehe 25 Desemba.

Mapumziko ya siku hiyo na ya kesho yake yamewekwa na sheria ya nchi. Kupumzika si kuadhimisha. Anayejizuia kutoa pongezi afahamike kuwa analinda dini yake, wala hamchukii jirani. Anayezitoa naye asihukumiwe kuwa ameacha Uislamu, maana amefuata rai ya wanazuoni wanaotambulika.